Maneno Magumu ya Kiingereza kwa Mtu wa Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Kuyajifunza Yasikukimbie

Kila muhula naletewa kaye (daftari) ileile na watu tofauti. Safu tatu: Kiingereza kushoto, Kifaransa katikati, Kiswahili kulia. Maneno 400, wengine 600, mwandiko safi, mistari iliyopigwa kwa rula. Nikimwomba mwenye kaye achague neno moja na alitumie katika sentensi, anaitazama kaye, ananitazama mimi, kisha ananiambia: "Mwalimu, hii neno jana niliijua."

Namwamini. Jana aliijua. Shida ni kwamba kaye ya namna hiyo inakufundisha jambo moja tu, kuoanisha neno na tafsiri yake, na siku ya mahojiano mgodini au ya kumpigia simu Mzambia hakuna anayekuuliza tafsiri. Anataka umwelewe na umjibu.

Mwongozo huu ni kwa yule aliyesoma sekondari kwa Kifaransa, anayeongea Kiswahili nyumbani, na ambaye Kiingereza chake kinatosha kusoma habari fupi lakini hukwama kwenye ripoti, mkataba au mhadhara. Mtu huyo haanzi sifuri. Nusu ya maneno makubwa anayoyaogopa amekwisha kuyasoma shuleni kwa Kifaransa. Kinachomwangusha ni mambo manne: maneno yanayofanana na Kifaransa huku maana ikiwa nyingine, maneno anayoyajua bila kujua yanatembea na nani, mkazo wa sauti, na vitenzi vidogo vyenye mkia. Hatua nyingi hapa chini zinashughulikia hayo manne.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kaye moja ya kurasa 100 hivi, ya kuandikia sentensi tu. Orodha hazitaingia humo.
- Kadi 150 ulizokata mwenyewe kutoka karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja.
- Kartoni ya viatu. Igawe vyumba vitano kwa vipande vya kartoni nyingine, uviandike namba 1 hadi 5.
- Biki ya buluu na biki nyekundu.
- Simu yenye kinasa sauti. Kama ina Android, pakua pia AnkiDroid, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Ila kadi za mkono usiziache: umeme hukatika na simu huzima.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Za Oxford, Longman na Cambridge zinapatikana bure kwenye intaneti. Ya Longman inaeleza karibu kila neno kwa kutumia msamiati wa kawaida wa maneno kama 2000, kwa hiyo maelezo yenyewe hayahitaji kamusi nyingine.
- Kitu cha kusoma. Magazeti ya Zambia, kama Times of Zambia na Zambia Daily Mail, yanaandika Kiingereza kuhusu shaba, malori, mahindi na mpaka. Ni maisha yako mwenyewe kwa lugha nyingine, nayo hayali mega nyingi.
- Dakika 40 kwa siku: 25 asubuhi kabla ya kutoka, 15 jioni baada ya bukari (ugali).

Kamusi ya Kifaransa kwa Kiingereza usiitupe, lakini iweke mbali na meza. Utaielewa sababu ukifika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Jua unaposimama

Chukua makala ya gazeti, hesabu maneno 100 mfululizo, na upigie mstari kila neno usilolijua. Fanya hivyo kwa makala tatu.

Ukipata mistari miwili au mitatu kwa kila maneno 100, makala hiyo inakufaa. Ikizidi mitano, ni nzito bado. Watafiti wa msamiati, Paul Nation wa New Zealand akiwa mmoja wao, wanasema ili usome peke yako bila kukwama unahitaji kujua maneno kama 98 kati ya kila 100. Anayejilazimisha kusoma andiko lenye maneno mapya 15 kwa kila 100 anachambua kamusi tu, na baada ya wiki anaacha.

Onyo: usianze na mkataba wa kampuni kwa sababu ndio unaokuhusu. Utaufikia.

Umefaulu ikiwa: umepata aina ya maandishi unayoweza kuisoma kwa dakika kumi huku ukisimama mara chache tu.

## Hatua ya 2: Amsha Kifaransa chako

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilimeza maneno ya Kifaransa kwa maelfu. Mengi kati ya hayo ndiyo leo yanaitwa maneno magumu. Kwako wewe "necessity" ni "nécessité" iliyovaa koti jingine.

Makoti hayo yanabadilishwa kwa mpangilio. Jifunze mpangilio, utapata maneno mengi kwa mkupuo mmoja.

Mwisho wa "-té" huwa "-ty": quantité, quantity. Mwisho wa "-eux" huwa "-ous": dangereux, dangerous. Mwisho wa "-aire" huwa "-ary": nécessaire, necessary. Mwisho wa "-ment" unaoeleza namna ya kutenda huwa "-ly": rapidement, rapidly. Mwisho wa "-ique" huwa "-ic" au "-ical": économique, economic.

Kuna mengine matatu ambayo wanafunzi wangu huyafurahia sana wakiyaona kwa mara ya kwanza. Herufi "é" mwanzoni mwa neno mara nyingi imeficha "s" iliyopotea: étudiant ni student, état ni state, épice ni spice, étrange ni strange. Ile kofia ndogo juu ya herufi nayo inafunika "s": hôpital ni hospital, forêt ni forest, côte ni coast. Halafu "gu" au "g" ya Kifaransa wakati mwingine ni "w": guerre ni war, guêpe ni wasp, Guillaume ni William. Neno "garantie" liliingia mara mbili kwa njia mbili, ndiyo maana Kiingereza kina "guarantee" na pia "warranty".

Kazi yako: andika maneno 40 ya Kifaransa yenye sura hizi. Kisia umbo la Kiingereza kwa buluu. Kisha fungua kamusi ya Kiingereza uhakikishe, moja baada ya jingine. Yaliyokataa, yaandike upya kwa nyekundu.

Onyo: kukisia bila kuhakikisha ni hatari. "Propreté" inaonekana kama itakuwa "property", lakini propreté ni usafi, cleanliness. "Property" ni mali, yaani propriété. Silabi moja imekutoa kwenye ufagio ikakupeleka kwenye hati ya nyumba.

Umefaulu ikiwa: kati ya maneno 40, yapata 30 ulikisia sawa, na yale mengine unaweza kueleza kwa nini yalikataa.

## Hatua ya 3: Watenge marafiki wa uongo

Marafiki wa uongo ni yale maneno yanayofanana na Kifaransa huku maana ikiwa nyingine. Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Miaka iliyopita nilikuwa natafsiri barua za kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo kati ya hapa na miji ya shaba ya Zambia. Mkubwa wangu alisema lori litafika "éventuellement jeudi", yaani Alhamisi, ikiwezekana. Nikaandika kwamba lori "will eventually arrive on Thursday". Kwa Kiingereza "eventually" ni hatimaye, mwisho wa yote. Mteja kule Kitwe alielewa kwamba baada ya machelewesho yote Alhamisi ni ya hakika. Akakodi kreni na wapakuaji wanane. Alhamisi lori lilikuwa bado liko foleni mpakani, Kasumbalesa. Alinipigia simu jioni, akanisomea sentensi yangu polepole, neno kwa neno, kisha akaniuliza nimemaanisha nini. Gharama ya siku ile ililipwa na upande wetu. Tangu siku hiyo neno hilo silifundishi kwa haraka.

Maneno ya namna hii yapo mengi, lakini yanayowadhuru watu wa hapa ni kama kumi na tano. Jifunze haya kwanza:

"Actually" ni kwa kweli. Unapotaka kusema "actuellement", sema "currently".

"Demand" ni kudai kwa ukali. Kifaransa "demander" ni kuuliza au kuomba, basi tumia "ask" au "request". Barua inayosema "I demand an interview" inasomeka kama vitisho.

"Assist" ni kusaidia. "Assister à une réunion" ni "attend a meeting". Nayo "attendre" ni "wait". Ona mnyororo huo: neno moja linakusukuma kwa la pili, la pili kwa la tatu. Yajifunze yote matatu kwa kadi moja, kwa sababu ukijua moja peke yake litakuvuta kosani.

"Delay" ni kuchelewa, wakati "délai" ni muda uliopangwa, ambao kwa Kiingereza ni "deadline" au "time limit". Ukimwambia mteja "the delay is ten days", umemtangazia kwamba umechelewa siku kumi.

"Control" ni kuwa na uwezo juu ya kitu. Askari anayefanya "contrôle" ya lori barabarani anafanya "check" au "inspection".

Kisha "library" ni maktaba, na duka la vitabu ni "bookshop". "Deception" ni udanganyifu, na kuvunjika moyo ni "disappointment". "Sensible" ni mwenye busara, na mwepesi wa kuguswa ni "sensitive". "Resume" ni kuendelea baada ya kusimama, na kufupisha ni "summarise". "Achieve" ni kufanikisha, na "achever" ni "finish". "Lecture" ni mhadhara, na usomaji ni "reading". "Comprehensive" ni iliyogusa kila upande, na mtu mwelewa ni "understanding". Kwa "formation" ya wafanyakazi sema "training".

Kuna jozi moja inayostahili aya yake. Kifaransa kina "sécurité", Kiswahili kina "usalama", na lugha zetu zote mbili zinachanganya mambo ambayo Kiingereza kimeyatenga. "Safety" ni kujikinga na ajali: kofia ngumu, viatu vya chuma, moshi, jiwe linaloanguka. "Security" ni kujilinda na watu wabaya: geti, walinzi, kukagua mifuko. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa kwenye mahojiano ya kazi ya mgodi "safety" kwake ni nini. Alieleza kwa ufasaha jinsi ya kuzuia wezi wa kebo. Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja, ila swali hakulijibu.

Mahali pengine Kiswahili kinakuokoa pale Kifaransa kinapokupoteza. "Politique" ya Kifaransa inagawanyika kwa Kiingereza kuwa "politics" na "policy". Sisi tunazo tayari: siasa na sera. Ndiyo maana nasema, ukikwama kwa Kifaransa jaribu kulifikiria neno kwa Kiswahili kabla hujakata tamaa.

Namna ya kufanya: kila rafiki wa uongo apate kadi yake. Upande wa mbele andika sentensi ya Kifaransa, nyuma andika sentensi sahihi ya Kiingereza. Iwe sentensi nzima, kwa sababu kosa hutokea unapokuwa mbioni kutafsiri sentensi, si unapotazama neno lililosimama peke yake.

Umefaulu ikiwa: unasoma "éventuellement" na mdomo wako unatoa "possibly" kabla hujawaza.

## Hatua ya 4: Chagua matano kwa siku, usizidishe

Matano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 30. Kwa wiki 50 ni 1500. Aliyejipa maneno 40 kwa siku, ninavyowaona, huacha kabla mwezi haujaisha.

Matatu yatoke kwenye ulichosoma siku hiyo. Mawili yatoke kwenye orodha iitwayo Academic Word List, iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand. Ina familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani, na inapatikana bure kwenye intaneti. Kwa msomi wa Kifaransa orodha hiyo ni zawadi, maana sehemu kubwa utaitambua kwa macho.

Neno uliloliona mara moja tu kwa wiki nzima liache lipite. Lililokujia mara tatu linakuomba kadi.

Onyo: usijifunze siku moja maneno yanayokaribiana maana, kama "reluctant", "hesitant" na "unwilling". Yatagongana kichwani na hutajua lipi ni lipi. Yatenganishe kwa wiki moja.

## Hatua ya 5: Tengeneza kadi inayofanya kazi

Kiswahili kinajua jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Mgeni akituambia "nitafanya simu", tunamwelewa, lakini tunajua ni mgeni. Hakuna kanuni ya kumweleza. Simu hupigwa, basi. Na kiapo huliwa.

Kiingereza nacho kina ndoa zake. Uamuzi wanau"make", kosa la jinai wanali"commit", uchunguzi wanau"conduct", tarehe ya mwisho wanai"meet". Mvua kubwa ni "heavy rain", chai kali ni "strong tea". Neno bila mwenzake ni nusu ya neno.

Tuchukue "issue", ambalo utalikuta kila ukurasa, tulitengenezee kadi pamoja.

Mbele ya kadi, kwa buluu, andika sentensi uliyoisoma huku ukiacha pengo: "The office will not ____ a permit without this document." Chini yake andika dokezo la Kiswahili: kutoa rasmi.

Nyuma ya kadi andika hivi:

Neno lenyewe, "issue", na mkazo wake mwanzoni: I-shu. Watu wa Nairobi na Dar es Salaam wamekwisha kulichukua, wanauliza "ishu ni nini?", kwa hiyo sauti utaikumbuka.

Maana zake tatu, kila moja na mwenzi wake. Jambo au tatizo linalozungumzwa: "raise an issue", "address an issue". Kutoa rasmi: "issue a permit", "issue a warning". Toleo la gazeti: "the latest issue".

Kwa nyekundu, onyo: si "issue" ya Kifaransa, mlango wa kutokea. Huo ni "exit".

Mwisho, sentensi yako mwenyewe, yenye mtu unayemjua na mahali unapopajua: "My uncle waited two weeks in Kasumbalesa because they did not issue his permit." Sentensi hii ndiyo msumari. Iliyonakiliwa kitabuni haishiki.

Kama neno lina familia, iandike pembeni. Sisi tuna soma, msomi, masomo, somesha. Wao wana "produce", "product", "production", "productive", "productivity". Ukijua moja na viungo vyake umepata matano.

Andika pia kama neno ni la ofisini au la mtaani. Hapa mtu wa Kifaransa anaangukia upande usiotarajiwa: anaongea Kiingereza kizito mno. Anasema "I commence", "I desire to purchase", kwa sababu ndiyo yanayofanana na Kifaransa. Dukani sema "start" na "buy". Yale ya kwanza yaache kwenye mkataba. Kuna watu wanafikiri barua ya kazi inapambwa kwa maneno mazito, na mimi sikubaliani nao: anayesoma barua 80 kwa siku anamshukuru aliyeandika "use" pale alipoweza kuandika "utilise".

Na kuna uzito wa moyo. "Slim" ni sifa, "skinny" ni karibu na tusi, kama tofauti ya mwembamba na kimbaombao. "Cheap" inaweza kumaanisha hafifu, "inexpensive" ni bei nafuu tu. Kamusi nzuri huweka alama pale neno lina dharau. Itafute kabla ya kumsifia mtu.

Umefaulu ikiwa: kadi moja inakuchukua dakika nne au tano. Ikiisha kwa sekunde 30, umerudi kwenye kaye ya zamani.

## Hatua ya 6: Mkazo wa sauti

Kiswahili karibu kila mara kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa kinauweka mwishoni. Kiingereza kinauweka kinapotaka, na ukiuweka pasipo mahali pake msikilizaji anapotea hata kama kila sauti umeitamka vizuri.

"Economy" ni i-KO-no-mi. "Economic" ni i-ko-NO-mik. Neno limerefuka, mkazo umehama.

Kanuni moja inayolipa: maneno yenye mwisho wa "-tion", "-ic" na "-ity" yana mkazo kwenye silabi iliyo kabla tu ya mwisho huo. In-for-MA-tion, e-LEC-tric, e-lec-TRI-ci-ty. Zipo chache zinazokataa, kama "politics", ambayo ni PO-li-tiks.

Nyingine ni ya watu wa forodha. "Export", "import", "permit" na "record" zikiwa majina zina mkazo mwanzoni. Zikiwa vitenzi mkazo uko mwishoni. Kibali ni PA-mit, kuruhusu ni pa-MIT.

Angalia pia herufi bubu: "b" katika "debt" na "doubt", "p" katika "receipt". Ukiitamka "p" hiyo mbele ya karani atakuomba urudie.

Nasa sauti yako ukisema maneno yako matano, kisha bonyeza spika kwenye kamusi ya mtandaoni usikilize. Linganisha. Weka alama ya mkazo kwenye kadi kwa nyekundu.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyeona kadi yako anaweza kuandika neno ulilolitamka.

## Hatua ya 7: Kartoni ya viatu

Njia hii ilisambazwa miaka ya 1970 na mwandishi Sebastian Leitner. Kadi mpya huanza chumba cha 1. Ukiijibu sawa inapanda chumba kimoja. Ukikosea, hata kama ilikuwa chumba cha 4, inarudi cha 1.

Chumba cha 1 kinapitiwa kila siku, cha 2 baada ya siku mbili, cha 3 kila wiki, cha 4 kila wiki mbili, cha 5 mara moja kwa mwezi. Sababu ni kwamba neno hukaa unapolitafuta kichwani likiwa karibu kutoroka. Kulitazama tu wakati bado liko mezani hakuongezi kitu.

Kwa hiyo jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kugeuza haraka na kusema "ndiyo, hili nalijua" ndiko kujidanganya kulikoua kaye yako ya kwanza.

Kadi inayorudi chumba cha 1 mara tatu ina kasoro. Ichane, uandike nyingine yenye sentensi tofauti.

Umefaulu ikiwa: baada ya wiki sita chumba cha 4 kina kadi, na chumba cha 1 hakizidi 25.

## Hatua ya 8: Vitenzi vyenye mkia

Nimeviacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu Kifaransa hakikusaidii hata kidogo. "Postpone" utaijua siku moja. "Put off", ambayo ni maana ileile na ndiyo utakayoisikia kwenye simu, itakusumbua mwezi.

Yafikirie kwa Kiswahili. Tuna piga, kisha pigia, pigana, pigisha, pigwa. Mzizi mmoja, mikia mingi, na kila mkia unageuza maana. Kiingereza nacho kina mikia, ila kinaiacha imesimama pembeni: "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia. "Look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, "look forward to" ni kungojea kwa furaha.

Anza na yale ya kazi na barabara: "carry out" ni kutekeleza, "set up" ni kuanzisha, "turn down" ni kukataa, "call off" ni kufuta mkutano, "break down" ni gari kuharibika, "run out of" ni kuishiwa. "The truck broke down and we ran out of diesel": sentensi moja, mikia miwili, na dereva yeyote wa Ndola atakuelewa.

Mawili tu kwa wiki. Kamwe usichukue "put" zote siku moja. Chukua "put off" wiki hii, "look into" wiki ijayo.

## Hatua ya 9: Yatoe nje

Kila jioni andika kwenye kaye sentensi tatu kuhusu siku yako ukitumia maneno matatu ya chumba cha 2 au cha 3. Ziwe za kweli. Soko la Kenya hapa mjini, bei ya makala (makaa ya kupikia), mtoto aliyekataa kwenda shule. Zisome kwa sauti.

Jumamosi jirekodi dakika mbili ukieleza habari moja uliyoisoma, bila karatasi. Hifadhi rekodi ya kwanza, usiifute hata kama inakuaibisha. Miezi mitatu baadaye utahitaji kuisikiliza.

Kisha tafuta mtu. Kasumbalesa iko kama kilomita 90 kutoka hapa, na nyuma ya mpaka Kiingereza ndicho lugha rasmi. Madereva wa Zambia wanakaa foleni muda mrefu na wanapenda mazungumzo. Aliye mbali na mpaka atafute mwenzake mmoja, wakubaliane saa moja kwa wiki ambayo Kifaransa hakiruhusiwi. Usimsahihishe kila sentensi. Andika makosa matatu, mpe mwishoni.

Umefaulu ikiwa: neno ulilotengenezea kadi limekutoka mdomoni katikati ya mazungumzo, ukagundua baadaye kwamba hukulitafuta.

Kama unataka kuanza leo jioni na hujui uanzie wapi, kadi zako tano za kwanza ni hizi: "eventually", "delay", "attend", "issue" na "safety". Kata karatasi sasa, kabla umeme haujakatika.